Nani Alichoma Duka la Mikate

Mzee Augustino alishuka kutoka Mwika baada ya kupasuliwa goti, akakaa Njoro, mjini, kwa mwanawe Primus mpaka apate nguvu za kurudi kihambani, kwenye shamba lake la migomba. Primus alishinda kazini, kwa hiyo mchana walibaki wawili: mzee na mkamwana wake Hilaria, fundi cherehani. Waliheshimiana mno, hata wakakosa la kusema. Hilaria akishamwamkia na kumwekea mtori wake wa ndizi, alirudi kushona.

Alasiri moja, akidhani mzee amesinzia, Hilaria aliwasha gemu lake kwenye runinga.

"Huyo binti analia nini?" mzee akauliza kutoka kwenye kochi.

Hilaria aliona aibu, akataka kuzima. Mzee akamkataza. Basi akamweleza: binti anaitwa Ana, amerudi kwao kutafuta nani alichoma duka la mikate miaka kumi iliyopita. Mji mzima unamlaumu mwokaji, aliyefia humo. Mchezaji ndiye anayemchagulia Ana la kusema, na hadithi inafuata alichochagua.

"Kumbe wewe ndiye unamwongoza."

"Ndiyo, baba."

"Mbona umemwingiza nyumbani kwa watu bila hodi?"

Tangu hapo wakawa wanacheza kila alasiri. Hilaria alisoma Kiingereza na kutafsiri, mzee akaamua. Alitaka Ana amsalimie mlinzi kwanza na kumuuliza habari za watoto, na kweli mlinzi akafunguka. Siku tatu alimshuku tarishi, eti anatabasamu bila sababu. Tarishi alipoonekana hana kosa, mzee akataka Ana arudi kumwomba radhi. Gemu halikuwa na nafasi hiyo. Alinuna mpaka saa ya chakula, na Hilaria alicheka hadi akajishika mbavu.

Siku ya sita ukweli ukatoka. Baba yake Ana ndiye aliyeacha jiko la duka likiwaka. Alikaa mbele ya binti yake akimsihi: mwokaji ameshakufa, lawama hazimuumizi tena. Chini yakatokea maneno mawili, *nyamaza* na *sema*, na sekunde zikaanza kupungua.

"Tuchague nini, baba?"

Mzee alizitazama sekunde zikiisha. "Aseme," alisema mwishowe.

Hilaria akabonyeza. Ana akasema, na baba yake akainamisha kichwa.

"Zima kidogo, mwanangu," mzee akasema. "Primus alipokuleta Mwika mara ya kwanza, mlikataliwa kuoana kwa sababu kwenu ni Chekereni, kule tambarare kwa watu wa kuja. Uliambiwa nani alikataa?"

Hilaria akazima runinga. "Mama."

Mama Beatha, mke wa mzee, huu ulikuwa mwaka wa pili tangu afariki.

"Siye. Ni mimi. Yeye aligombana nami wiki nzima kwa ajili yako mpaka nikakubali. Alikufa ukidhani ni yeye, na mimi nikanyamaza."

Hilaria aliinuka akaenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na vikombe viwili vya chai. Kwa mara ya kwanza akakaa kochi moja na mkwewe.

"Ungeniambia mapema, baba."

"Ilinipasa. Nisamehe."

"Ndizi mama alizokuwa ananiletea nilikuwa sili. Nilikuwa nawagawia majirani."

"Alijua," mzee akasema. "Alikuwa anasema, hata zikiliwa na majirani zako, nyumba yako itapendwa."

Hilaria akacheka huku analia. Wakanywa chai yao pamoja.

Jumamosi Primus aliwapandisha Mwika. Hilaria hakutaka kusaidiwa. Alipiga magoti kwenye kaburi la Mama Beatha katikati ya migomba, akang'oa magugu moja moja huku akiongea kwa sauti ya chini. Mzee alimzuia Primus asimkaribie, wakamngoja kibarazani. Aliporudi, mikono imejaa udongo, aliketi karibu na mzee.

"Sasa nisimulie, baba," akasema. "Wiki ile mlipogombana, mama alikuambia nini?"

Mzee akamgeukia, akaanza kumsimulia.