Mlango wa Dereva

Gari la Glen Trezise lilitengenezwa kilomita kumi na mbili kutoka nyumbani kwake, na bado lilichukua wiki kumi kumfikia. Angelifuata kwa miguu angekuwa amelipata siku ileile. Lakini magari ya mwisho yalirundikana uwanjani nyuma ya kiwanda, na watu wa kuyasafirisha nao walikuwa wamepunguzwa, kwa hiyo likakaa likiota jua la Adelaide mpaka Desemba. Ndipo yadi ya kuuzia magari ikapiga simu: njoo ulikague, ulijaribu barabarani, ukiridhika utie sahihi uondoke nalo.

Glen alisema sawa. Siku hizi alisema sawa kwa kila kitu. Mkewe, Jeanette, akimuuliza kama anataka pai ya nyama au ya kuku, sawa. Akimwambia Krismasi hii wajukuu wote watano wanakuja kulala, sawa. Siku kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa, wanaume wenye mikono mipana kama sepetu walilia mbele ya kamera za televisheni. Glen alisimama pembeni, akamaliza boksi lake la kahawa baridi ya maziwa, akaenda nyumbani kukata nyasi. Miaka thelathini na mitatu imekwisha, naye anakata nyasi! Jeanette alingoja alie, akangoja atukane, akangoja hata avunje sahani. Wapi. Mtu alikuwa amekufa ganzi kuanzia utosini mpaka unyayoni, na ubaya wa ganzi ni kwamba haiumi, kwa hiyo mwenyewe haoni haja ya kutibiwa.

Kitu kimoja tu alikitaka, na alikisema mara moja, wakiosha vyombo. Alitaka gari lisiwe na kasoro hata moja. "Likiwa zima kabisa," alimwambia mkewe, "nitajua tulikuwa tunafanya kazi. Kwamba hawakutufungia kiwanda kwa sababu hatuwezi." Jeanette aliweka kitambaa chini akamtazama, maana hiyo ndiyo ilikuwa kauli ndefu kuliko zote tangu Oktoba.

Kwa hiyo asubuhi ile, saa tatu, joto likiwa limeshaanza kuchoma, Glen alisimama yadini akiwa na shati lililopigwa pasi, mfukoni mna chaki ya nta ya njano. Ile ndiyo waliyotumia kiwandani kuzungushia kasoro duara. Kando yake alikuwepo Stavros Kokkinos, Mgiriki mwenye masharubu na mdomo usiojua likizo. Kwa miaka kumi na miwili Stav alifunga milango ya kushoto na Glen akafunga ya kulia, gari moja baada ya jingine, wakitazamana kupitia madirisha ya magari ya watu wengine. Stav hakualikwa. Alikuja tu, akasema mtu hanunui gari bila shahidi.

Gari lilikuwa la kijani kilichokolea, limefungwa utepe mwekundu mkubwa juu ya boneti.

"Nani ameoa?" aliuliza Stav.

Muuzaji, binti mmoja aitwaye Kirsty, alicheka. "Ni kwa ajili ya picha, Stav. Wateja wetu wote tunawapiga picha na utepe."

"Mpige huyu, basi. Lakini usimsubiri atabasamu, utazeekea hapahapa."

Glen alianza kazi. Alizunguka gari lile polepole, amechuchumaa, jicho moja limefumbwa, akitazama rangi ikienda na mwanga. Alipitisha ukucha kwenye kila mwanya, boneti na bampa, buti na taa. Alilala chali chini ya gari na shati lake la pasi. Alifungua, akafunga, akafungua. Kirsty alikuwa na karatasi yenye visanduku vya kuwekea alama, akabaki kuishikilia tu, maana mteja alikuwa anakagua vitu ambavyo karatasi haivijui.

"Buti," alisema Stav. "Funua zulia."

Glen alifunua. Chini ya zulia, kwenye bati tupu, palikuwa na majina. Yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, moja juu ya jingine, watu thelathini na zaidi: wa injini, wa viti, wa nyaya, wa vioo. Mmoja alikuwa ameandika, "Glen, ukiliuza tutakufuata." Mwingine alichora pai. Stav alicheka kwa sauti, halafu akageuka ghafla kutazama barabara, akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Glen alisoma majina yote mpaka la mwisho, akarudisha zulia, akalipapasa lilale vizuri. Hakuhisi kitu. Alijua kwamba angepaswa kuhisi, kama mtu anavyojua tarehe ya leo.

Pale kiwandani kulikuwa na desturi isiyoandikwa popote. Mfanyakazi akiagiza gari lake mwenyewe, habari inalitangulia. Siku linapopita kwenye laini ya kuunganishia magari, mwenye gari anatoka kwenye nafasi yake, anatia mikono mfukoni, na wenzake wanamfanyia. Haruhusiwi kugusa hata parafujo. Wazee wa laini walisema ukilishika gari lako mwenyewe utaliharibu, utalibembeleza, utalifanyia mambo usiyomfanyia mteja. Mikono mfukoni, basi, na saa ya chai unanunua keki za laini nzima.

Siku gari la Glen lilipofika, zilikuwa zimebaki wiki tatu kiwanda kifungwe. Alitia mikono mfukoni kama inavyotakiwa. Stav akazunguka kuja kulia, akaushika mlango wa dereva.

"Toka," alisema Glen.

"Nitoke wapi?"

"Toka, Stav. Nipe spana."

Stav alidhani utani. Akamtazama usoni, akampa. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo tena, si saa ya chai, si baadaye. Keki zililiwa zikaisha.

Sasa Glen alifika kwenye mlango ule. Aliufungua, akaufunga. Ulilia vizuri, mlio mmoja mzito, bila mtetemo. Alipitisha ukucha haraka kuliko kwingine, akaendelea na kioo cha pembeni. Stav aliona, akajikuna masharubu.

"Kasoro?" aliuliza Kirsty.

"Hakuna."

"Safi sana! Basi tulijaribu barabarani. Huwa tunazunguka pale kwenye mataa, tunarudi. Dakika kumi."

"Mataa yatakuonyesha nini zaidi ya mataa?" alisema Stav. "Dada yangu, huyu bwana amefunga milango zaidi ya nusu milioni. Tunaelekea kaskazini, kilomita mia kwa saa. Panda nyuma, funga mkanda."

Kirsty alitazama saa, akamtazama Glen, akapanda nyuma.

Glen aliketi kwenye usukani. Harufu ya gari jipya aliijua kuliko harufu ya nyumba yake, ila siku zote aliinusa kwa nje, ameinama. Alitoka yadini akashika barabara kuu. Sitini, themanini. Injini ilikuwa tulivu, breki zilishika, usukani haukuvuta kushoto wala kulia. Maduka ya mazulia na ya mabwawa ya kuogelea yakaisha, yakaanza mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, ya njano mpaka upeo. Tisini. Glen akaanza kuamini. Mia.

Sauti ikaja. Nyembamba, ya juu, kama birika linalotaka kuchemka nyumba ya jirani. Ilitoka karibu na sikio lake la kulia.

"Heee!" Stav alipiga goti lake. "Nani huyu aliyefunga huu mlango? Afukuzwe kazi leoleo!"

Halafu akakumbuka. Mkono wake ukabaki juu ya goti.

"Ameshafukuzwa," alisema Glen.

"Mbona mimi sisikii kitu?" aliuliza Kirsty kutoka nyuma. "Ni upepo tu."

"Upepo, ndiyo," alisema Stav kwa upole. "Lakini kazi ya mlango ni kuuacha nje."

Glen alipunguza hadi themanini, filimbi ikakoma. Akapanda mia, ikarudi. Alifanya hivyo mara tatu, uso wake haukubadilika. Ndani yake alijiambia: sawa. Kwa hiyo waliotufungia walikuwa sahihi. Gari zima, mikono thelathini na zaidi, kila mtu amefanya kazi yake, na kasoro moja iliyopo ni yangu. Aligeuza gari penye kituo cha mafuta akawarudisha yadini.

Pale yadini Stav alishuka wa kwanza, akazunguka, akafungua mlango wa dereva na Glen bado ameketi. Alichuchumaa, magoti yakalia. Alipitisha ukucha kwenye mwanya, juu, katikati, chini. Alirudia chini.

"Njoo uone."

"Nimeona."

"Hujaona, ulipita haraka. Njoo." Glen akashuka. "Hapa chini umeubana. Bolti ya bawaba ya chini umeikaza mpaka karibu iombe maji. Chini umeingia ndani, kwa hiyo juu umetoka nje, milimita moja. Hapo ndipo panapolia."

"Nilifuata kipimo."

"Hukufuata kipimo, bwana! Mimi nilikuwa nimesimama pale. Kengele ililia, gari likasogea, wewe ukasogea nalo. Ukapita alama yako. Ukafika mpaka kwa wale wa vioo, bado unakaza. Wakasimama wanakungoja. Hukumbuki?"

Glen hakukumbuka. Halafu akakumbuka. Alikumbuka viatu vyake vikivuka ule mstari wa njano sakafuni, mstari ambao hakuwahi kuuvuka akiwa na spana mkononi, na watu wa vioo wakitazama pembeni kwa heshima.

"Nimerekebisha kazi za wazembe maisha yangu yote," alisema Stav, bado amechuchumaa, sauti imeshuka. "Mzembe huacha bolti imelegea. Huyu hakuwa mzembe. Huyu ni mtu aliyekataa kuuachia mlango."

Kirsty alikuja na karatasi yake na kalamu. "Msijali hata kidogo. Naandika hapa, mlango wa dereva, sauti ya upepo. Karakana yetu inarekebisha sasa hivi, nusu saa tu, nawaletea kahawa."

"Karakana ya nini?" Stav aliinuka. "Nileteeni spana na kipande cha mbao. Dakika tano. Mimi mwenyewe nitaufanya, Glen, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Wewe tia mikono mfukoni."

Glen alitoa chaki ya njano. Aliisogeza pale juu ya mlango, pembeni ya kioo, mahali pa ile milimita moja. Miaka yote ile hakuwahi kuuona mlango mbovu akauacha bila duara. Ncha ya chaki ikagusa rangi, haikuzunguka.

Akairudisha chaki mfukoni.

"Usiuguse," alisema.

"Glen."

"Usiuguse, Stav. Nakuomba." Akamgeukia Kirsty. "Andika hakuna kasoro."

"Una uhakika? Maana ukishatia sahihi—"

"Andika hakuna."

Stav alifungua mdomo. Kisha, jambo ambalo mkewe asingeliamini, aliufunga. Glen alitia sahihi mahali pote alipoonyeshwa. Alisimama kando ya utepe mwekundu, akapigwa picha, na kweli hakutabasamu, ingawa Kirsty alihesabu mpaka tatu mara mbili.

Nyumbani, Jeanette alitoka na aproni, akazunguka gari, akasema kijani hiki kinapendeza kuliko kile cha kwenye kitabu cha muuzaji. Aliliogopa swali lake mwenyewe, ila akaliuliza. "Lipo zima?"

"Panda," alisema Glen. "Twende mpaka Gawler."

Alipanda na aproni yake. Redioni kulikuwa na kriketi, joto limefika nyuzi thelathini na tisa, kiyoyozi kikivuma. Glen aliendesha polepole mpaka nyumba zikaisha. Kisha akakanyaga mafuta. Themanini. Tisini. Mia.

Jeanette aliinua kichwa. "Kuna kitu kinalia. Unasikia? Huko upande wako." Aligeuka, moyo umemshuka, maana alikumbuka maneno ya siku ile ya vyombo. "Glen, nini hicho?"

Glen alitaka kusema sawa. Neno hilo halikutoka.

"Ni mimi," alisema, na sauti ikamkatika, na machozi yaliyokawia wiki saba yakaanza kushuka, mikono yote miwili bado ipo kwenye usukani kwa sababu walikuwa kwenye mia. "Ni mimi huyo, Jean. Niliufunga mwenyewe."

Jeanette alinyoosha mkono akazima redio. Halafu, na joto lote lile, akazima na kiyoyozi, ili asikie vizuri.