Gitaa Jekundu na Tumbo la Mume Wangu

Mume wangu ana tumbo. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe hataki kulianza, na kwa sababu mimi ni fundi cherehani, mwili wa mtu kwangu si siri wala aibu, ni kazi. Nimewashonea mahakimu na wauza samaki, nimeona mabega ya kila namna, na naweza kukuhakikishia kwamba tumbo la mume wangu ni tumbo la heshima, limetulia mahali pake na halimsumbui mtu. Kilichokuwa kinamsumbua ni mgongo.

Kwenye bendi wanamwita Solo, maana gitaa la solo ndilo analopiga tangu nimjue. Wanapiga kwenye harusi na kwenye kumbi za hoteli. Bendi ile ina sheria moja ambayo Kiongozi wao aliitunga siku ya kwanza na hajawahi kuilegeza: mpiga solo anasimama. Anayetaka kiti atapewa kiti, lakini kiti kiko nyuma, ubavuni mwa ngoma, na anayekikalia anapiga rithimu, gitaa la kusindikiza tu. "Watu ukumbini wameketi wao," Kiongozi husema. "Hawakuja kumtazama mwingine aliyeketi."

Sasa mwaka huu mgongo ukaanza kumkaba mume wangu, na Kiongozi akamwona ameegemea spika. Alimleta tu mpwa wake kwenye mazoezi, bwana mmoja mrefu asiye na tumbo hata la kusingiziwa, akamwambia akae karibu na Solo ajifunze. Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani hakugusa chakula. Na ili mambo yaharibike sawasawa, wiki hiyohiyo mpiga ngoma akalikalia gitaa la mume wangu ndani ya gari, shingo ya gitaa ikavunjika.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Tulihitaji gitaa jipya, tena ambalo Solo angeweza kusimama nalo kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. La sivyo angepelekwa kwenye kiti, na mimi namjua mume wangu: akikikalia kile kiti mara moja, hainuki tena.

Dukani magitaa yalining'inia ukuta mzima. Muuzaji, mwanamume mpole aliyefuga kucha za mkono mmoja tu, alituteremshia matatu. La kwanza lilikuwa na umbo la mshale, ncha zake mbili zimetanuka kwa nyuma. Mume wangu akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akakunja uso kama anayekwenda vitani. Nikamwambia akae nalo. Alipokaa tu, gitaa likateleza pajani likielekea sakafuni, na muuzaji akalidaka kwa goti. Kwa jinsi alivyolidaka, nilijua si mara yake ya kwanza.

"Hili ni la kusimama tu, mzee," muuzaji akasema.

"Na mimi ni wa kusimama tu," mume wangu akajibu.

"Na nyumbani je?" nikauliza. "Mazoezi yote utafanya umesimama katikati ya sebule, tukupite kama nguzo?"

Likarudi ukutani.

La pili lilikuwa jekundu. Sitalisingizia, lilikuwa zuri. Mwili mnene, umekatwa upande mmoja tu chini ya shingo, uso umetuna kidogo kama mkate ulioumuka vizuri, na wekundu wake ulianza mzito pembeni ukawa unafifia kuelekea katikati. Nilipolipokea nusura liniangushe. "Huo ni mti mtupu, mama," muuzaji akasema kwa fahari. "Ndani halina uwazi." Nyuma lilikuwa bapa kama ubao wa mlango, na ukingo wake ulikuwa mkali, wa kumchimba mtu mbavu.

La tatu lilikuwa jembamba, lenye pembe mbili fupi, kingo zote zimeviringwa. Nyuma, pale tumbo linapokaa, mti ulikuwa umechongwa ukaacha bonde. Mbele, pale mkono wa kulia unapolala, umechongwa tena. Nililipapasa mara moja nikaelewa kwamba aliyelikata alikuwa anamfikiria mtu. Mimi hulikata kwapa la koti kwa moyo huohuo.

"Hili," nikasema.

Mume wangu akalitazama kwa huruma. "Hilo linafanana na sabuni iliyotumika."

"Lakini linakutosha."

"Hata jeneza linatosha."

Muuzaji akajitia anafuta vumbi.

Sisi mafundi hatukati kitambaa cha mteja hivihivi. Tunashona kwanza kwa kitambaa cha ovyo, mteja anajaribishwa, makosa yanaonekana mapema, ndipo mkasi unaingia kwenye kitambaa chenyewe. Sikuona kwa nini gitaa liwe tofauti. Nikatandaza karatasi yangu ya kukatia sakafuni pale dukani, nikachora umbo la jekundu na umbo la sabuni. Muuzaji akanipimia uzito wa kila moja kwa mizani ya kuning'iniza, akaapa pia kwamba tukichukua lolote kisha lisitufae, atatubadilishia mradi halijakwaruzwa.

Nyumbani nikachana boksi la friji, nikagandisha tabaka juu ya tabaka, nikashona vifuko vya mchanga ndani hadi nikapata magitaa mawili ya boksi yenye uzito sawa na yale ya dukani. Mikanda nikaikata kutoka kwenye pazia la zamani. Mume wangu akavaa gitaa la boksi kwa umakini ambao hata suti ya ndoa yetu hakuuvalia. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi alimkuta amesimama kwenye chumba changu cha kazi, amefumba macho, anachezesha vidole juu ya boksi. Alimsalimia kwa ile sauti ya chini tunayotumia kwa wagonjwa.

Kisha nikampima tumbo ili nijue mkanda uwe na urefu gani, na hapo ndipo nilipoharibu. Kila mwanamume anayesimama mbele ya tepu yangu huvuta tumbo ndani. Mkubwa wa ofisi huvuta, mlinzi wake huvuta, hata mwembamba huvuta cha kwake kidogo. Kwa hiyo nikishasoma tepu huongeza vidole viwili, simwambii mtu, na nguo zangu zinasifiwa. Mume wangu sikumwongezea. Nilijiambia, huyu ni wangu, hilo tumbo linalala kitandani kwangu, amfiche nani?

Jekundu la boksi likaning'inia limenyooka. Nikamwambia asimame nalo mchana wote huku mimi nashona. Nilitoka mara kadhaa kwenda mlangoni kuwahudumia wateja, na kila niliporudi nilimkuta wima, ametokwa na jasho kidogo, anatabasamu. La sabuni alilivaa kwa muda wa kufunga kifungo, akasema linamwasha.

"Boksi linakuwashaje?"

"Linaniwasha rohoni, mama watoto."

Nikanyoosha mikono. Tukaenda tukachukua jekundu.

Jumamosi mchana, wimbo wa kwanza tu, ukumbi mzima uligeuka. Siwezi kukataa, mume wangu alipendeza. Lile gitaa liliwaka kifuani mwake hata bibi harusi akaangaliwa wa pili. Nikaanza kufikiri pengine mimi ndiye niliyekosea, jambo ambalo hunitokea mara chache na silipendi.

Kwenye wimbo wa tatu akasahau, akapumua. Tumbo likarudi nyumbani kwake, likalisukuma gitaa chini, na lile jekundu likainamia mbele, nyuzi zikawa zinatazama sakafu. Ili azione ilibidi ainamishe shingo, shingo ikavuta mgongo, mgongo ukaanza yake. Alivuta tumbo tena, akashindwa kuimba kiitikio. Akaliachia, akashindwa kuziona nyuzi. Wimbo wa tano ulimkuta kiwiko kiko juu ya spika. Kiongozi akageuka akamtazama, na kule nyuma yule mpwa akainuka taratibu, akaanza kukaza nyuzi za gitaa lake. Nilimchukia yule bwana bure, hajanikosea lolote.

Bahati nzuri mjomba wa bwana harusi akaitwa kuzungumza, bendi ikapumzika. Nikapita nyuma ya pazia. Nilimkuta mume wangu amelala chali juu ya rundo la vitambaa vya meza, na gitaa liko ubavuni mwake, amelifunika koti.

"Nyumbani ulisimama mchana kutwa," nikasema. "Leo umepatwa na nini?"

Akafumba macho. "Meza ya pasi."

"Imefanya nini meza ya pasi?"

"Kila ulipokwenda mlangoni nililiegemeza juu yake. Nikisikia kandambili zako zinarudi, naliinua."

Nilitafuta kitu cha kumpigia, nikakosa. Pale kulikuwa na vitambaa tu. "Na tumbo?"

"Nililivuta."

"Ili upendeze kwenye kioo?"

"Kioo gani?" Akafumbua macho. "Ulikuwa umeinama na tepu yako, unanitazama. Wateja wako unawatazama hivyo siku nzima, bega, kiuno, mgongo, hakuna kinachokupita. Mimi hujanitazama hivyo tangu sijui lini. Nikaona aibu kuliachia mbele yako."

Alisema kweli. Nguo zake mwenyewe nilikuwa nazikata kwa kipimo cha zamani nilichokariri, naongeza nikiona kitambaa kimelalamika. Iliniuma, tena sana, na nikakasirika kwa sababu sikupata wa kumlaumu.

Nikalitia jekundu kwenye mfuko wake wa kubebea, nikalibeba mgongoni.

"Unakwenda wapi nalo?"

"Kubadilisha. Na ukisimama tena, liachie tumbo lote. Mimi nalipenda. Ningekwambia zamani, sikukwambia, sasa nimekwambia. Usiniangalie hivyo, sina muda."

Nilichukua pikipiki. Wakati natoka, mjomba alikuwa anasimulia siku bwana harusi alipozaliwa. Muuzaji aliniona mlangoni, nywele zimesimama, viatu vya sherehe mkononi. Aliligeuza jekundu chini ya taa kutafuta mikwaruzo, akatikisa kichwa kwamba hakuna, akateremsha sabuni. Niliporudi ukumbini bwana harusi alikuwa amefika sekondari, na kulikuwa bado na chuo.

Nyuma ya pazia Kiongozi alikuwa amesimama na kiti mkononi. "Si aibu, Solo," alikuwa anasema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. "Sote tunakula chumvi. Leo piga rithimu, mpwa wangu asimame."

"Shemeji, samahani," nikasema, nikapita katikati yao.

Nilimvisha mume wangu mkanda mwenyewe. Nikaupandisha tundu moja, nikaushusha, nikarudi hatua nyuma, nikamtazama bila haraka yoyote, bega, kiuno, mgongo, na Kiongozi na kiti chake wakasubiri. Akaliachia tumbo. Likaingia kwenye lile bonde la mti kama mguu unaoingia kwenye kiatu kilichozoeleka. Gitaa likakaa wima, nyuzi akaziona bila kuinamisha shingo.

"Ni baya," akaninong'oneza, macho yamemtoka kwa mshangao.

"Baya kabisa," nikakubali. "Nenda."

Walipotangaza muziki, mpwa alikuwa tayari amesimama mbele. Solo akaenda akasimama pembeni yake, akaanza kupiga. Hakuegemea kitu. Wimbo wa kwanza Kiongozi aliusikiliza huku bado ameshika kiti. Wa pili akamgusa mpwa wake begani, akamwonyesha nyuma. Wa tatu akakitazama kile kiti, akatazama miguu yake, akakikalia mwenyewe.

Mimi nilirudi kwenye meza yangu. Wake wa wanabendi huwekwa karibu na mlango wa jikoni, na siku hizi huwa nabaki peke yangu, wenzangu walishachoka kuja. Unakaa, unawashikia wageni mikoba, unawatazama wakicheza na waume zao. Wako yuko jukwaani, na mtu aliye jukwaani hachezi na mtu. Nimecheza kwenye harusi za watu wote tunaowafahamu, lakini nimecheza na shangazi zao.

Ndipo nikaona Solo anashuka ngazi za jukwaa, anapiga, anatembea. Miaka yote hiyo hajawahi kushuka, magitaa yake yalikuwa mazito mno kutembea nayo. Watu wakampisha. Alikuja moja kwa moja kuelekea jikoni, tumbo mbele, anatabasamu, hatazami nyuzi hata kidogo. Katikati ya ukumbi waya wa gitaa ukakaza. Akavuta kidogo, na kule jukwaani spika ikasogea, Kiongozi akaruka kutoka kitini akaikumbatia. Mume wangu akasimama palepale, meza kadhaa mbali na mimi, hawezi kuja mbele na hataki kurudi, anapiga tu na kunitazama.

Nikaiweka mikoba yao chini ya meza, nikavua viatu, nikaenda hadi pale waya ulipoishia.