Bugali wa Georgette

Georgette alipoanza kukonda, mtaa mzima wa karibu na soko la mji wa Baraka ulijua sababu, isipokuwa yeye mwenyewe. Wengine walisema mume wake Wilfried, seremala wa mitumbwi, amepata mwanamke mwingine huko Kazimia na mfuko wake unamwagikia huko. Wengine walinong'ona ugonjwa. Hakuna aliyewaza kwamba mama wa watu amekaa chini, akafikiri, akaamua. Kwetu mke akinenepa, sifa ni za mume. Akikonda, lawama ni za mume. Mwenye mwili hahesabiwi.

Ukweli ulikuwa mwepesi. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima, akakuta tansio imepanda, yaani shinikizo la damu, akamwambia apunguze uzito na chumvi. Georgette aliogopa sana, maana tansio ndiyo iliyomwangusha mama yake uani akichekecha unga, asiinuke tena. Alimwambia Wilfried peke yake, akamwapisha asiseme, kwa kuwa ndugu zake wa Nundu wangeanza kumlilia angali hai.

Jirani mmoja akamletea habari za chai ya kukondesha, pakiti yenye picha ya mwanamke mwembamba kama ufito. Georgette aliitazama picha, akaukumbuka mfuko wake, akacheka. Akaanza na sufuria yake mwenyewe. Mikate ya kukaanga ya asubuhi na chai ya sukari tele vilitoka, kikaingia kiazi kitamu cha kuchemsha. Bugali, ugali wa muhogo, ukapungua hadi ukubwa wa ngumi, na lengalenga, mboga ambayo wengi huisogeza pembeni ya sahani, ikajaza nafasi iliyobaki. Ndagala, yaani dagaa, hakuzikaanga tena. Alizichemsha kwa nyanya na kitunguu. Mafuta ya mawese aliyapima kwa kijiko badala ya kuinamisha chupa na kutazama kando. Shambani, njia ya kwenda Mboko, alienda kwa miguu, na wenye pikipiki waliomwita aliwapungia mkono tu.

Mwili ukaitikia. Vitenge vililegea, magoti yakaacha kulalamika, tansio ikashuka, na kikapu cha sokoni kikagharimu kidogo kuliko zamani. Georgette akawa anatembea sokoni kama mwenye soko. Ndipo Aline, binti wa shangazi yake, alipompiga picha bila kumuuliza na kuituma kwenye simu za ukoo mzima.

Jumapili iliyofuata Eugène akatokea. Ndiye kaka yake mkubwa, na tangu wazazi wafariki ndiye baba wa familia. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Alipanda kijinjia cha kwenda nyumbani kwao akisimama mara kwa mara kutafuta pumzi, jasho likimlowesha koti la kanisani. Alijitupa kitini bila salamu.

"Georgette, panga manguo yako. Tunaenda Nundu."

"Nundu kufanya nini, yaya?" Georgette aliuliza; yaya kwao ni kaka mkubwa.

"Kula."

Kisha akamgeukia shemeji yake. "Wilfried, tulikupatia dada yetu na mwili yake yote. Sasa unaturudishia mifupa?"

Wilfried akainamisha kichwa. Sentensi moja ingemwokoa, lakini alikuwa ameapa. Georgette alimwonea huruma, akampenda upya palepale. Alijua kaka yake hatanii. Kama angetoka naye mbele ya majirani, ndoa ingekuwa imevunjika, na Wilfried angeitwa maisha yake yote mtu aliyeshindwa kulisha mke.

Aliingia jikoni, akarudi na chakula: bugali wa ngumi, ndagala za kuchemsha, kilima cha lengalenga.

Eugène akakitazama kama mkwe aliyetukanwa. "Hii ndiyo bugali munapikiaka bakwe? Sitakula hapa."

Neno hilo lilikuwa zito. Kaka anayekuja kumrudisha dada yake hagusi chakula cha nyumba ile. Akila, hana tena kesi.

"Hii ndiyo bugali yenye mi nakulaka," Georgette alisema. "Yaya, niko na tansio."

Eugène akaacha kujipangusa jasho. "Kama ya mama?"

"Kama ya mama. Ilipanda, sasa imeshuka. Wilfried hajaninyima kitu. Mi mwenyewe nilipunguza, na mi mwenyewe nilimukataza kusema."

Hakulia wala kuomba radhi. Alimtazama kaka yake, kwanza uso, kisha miguu iliyovimba ndani ya viatu visivyofungwa kamba.

"Na we? Kichwa inakuumaka?"

"Asubuhi tu."

"Ulishapimisha?"

"Nipimishe nini? Mi niko na nguvu."

"Mama naye alikuwa anasemaka vile." Sauti yake ilishuka. "Kila akisema kichwa inamuuma, tulikuwa tunamuongezea bugali. Tulimupenda, yaya. Tulimulisha mpaka siku alianguka."

Eugène alifumba macho. Machozi yalimtoka mtu mzima yule, naye hakujisumbua kuyaficha. Kisha alisema taratibu, "Wilfried, shemeji, niletee maji ya kunawa."

Wilfried alileta maji mbio, nusu akiyamwaga njiani. Eugène akanawa, akamega kitonge, akachota lengalenga, akatafuna kwa muda mrefu.

"Chumvi iko wapi?"

"Kidogo iko ndani. Utazoea."

Akameza. Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo Georgette hakuwahi kuisikia kwake, "Mi nitakufa?"

"Kesho asubuhi tunaenda kupimisha," Georgette alisema, akimsogezea mboga. "Nundu hauendi leo. Kula."