Kusomwa kwa Mara ya Kwanza

Somoe aliinama. Bibo la mkorosho lilikuwa limedondoka usiku, limepasuka upande mmoja, na sisimizi walishapata habari zake. Akalishika kwa mkono wa kushoto, akainyonga korosho kwa mkono wa kulia mpaka ikang'oka, akaitia kikapuni, akasogea, akainama tena. Ndivyo alivyofanya kila alfajiri ya msimu tangu mikorosho ile ianze kuzaa, na leo pia alifanya hivyo, ingawa alikuwa ameshaachwa, na ingawa jua likipanda kidogo alitakiwa awe Mtwara mbele ya hakimu ili ajue kama korosho hizo anaokota zake au anamwokotea mtu. Mkono hauna habari na talaka. Isitoshe, pale Madimba mtu akiona korosho chini akaipita, watu humuuliza kama anaumwa.

Mikorosho yenyewe aliipanda yeye. Hata Mfaume, aliyekuwa mumewe, hakupata kulikana hilo. Wakati huo Mfaume alikuwa manamba huko Tanga, anakata mkonge wa watu. Somoe alibaki na mtoto mgongoni na jembe mkononi, akachimba mashimo, akafukia mbegu, akapalilia, akapigana na nguruwe wa porini kwa mawe na makopo. Mfaume aliporudi na sanduku la bati na kikohozi, alikuta miti imeshampita kimo. "Mama Zuhura," alisema akicheka, "mbona umenipandia msitu?" Waliishi kwa msitu huo miaka mingi. Wakamlea Zuhura, wakamwoza Newala, na kusema kweli hawakuishi vibaya. Mchumia juani hulia kivulini, na wao kivuli walikuwa nacho.

Kilichowaachanisha ni redio.

Mwaka uliotangulia alikuja Bibi Maendeleo, jina lake Agnes, binti wa Masasi, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliwakusanya wanawake katika ofisi ya tawi la Chama, akawaambia kuwa serikali inafikiria sheria mpya ya ndoa na inataka maoni yao. Wanawake walitazamana. Serikali iliwahi kutaka kura zao na nguvu zao za kuchimba barabara, lakini maoni ilikuwa bado haijayataka. Wengi waliangalia chini. Somoe akasimama, akasema kuwa mke aliyepanda mti, siku akiachwa, asitoke na sufuria kichwani huku mti unabaki. Agnes aliandika, akamwomba arudie polepole, akaandika tena. Siku ile Somoe alirudi nyumbani kifua mbele.

Msimu uliofuata, jioni moja, watu wamejaa penye redio ya tawi, mtangazaji akasema kuwa huko Dar es Salaam, katika Bunge, muswada wa sheria ya ndoa umesomwa kwa mara ya kwanza na umepelekwa kwenye kamati. Hayo ya kamati hayakumwingia Somoe kichwani. Yeye alishika kuwa umesomwa. Pale kwao jambo likishasomwa limekwisha: hotuba ya ndoa ikisomwa mtu keshapata mke, hitima ikisomwa watu hula pilau wakatawanyika. Nani alipata kuona ndoa iliyosomwa ikapelekwa kwanza kwenye kamati? Basi alipiga vigelegele, wenzake wakamwitikia, na wanaume waliokuwa barazani wakanyamaza.

Mdomo uliponza kichwa. Usiku huo, akimwandalia Mfaume ugali wa muhogo na kisamvu, alimtania. "Baba Zuhura, mikorosho sasa ina sheria. Ukiniacha, tunagawana."

Alisema huku anacheka, kama alivyomtania siku zote. Mfaume hakucheka. Alinawa mkono kabla hajashiba.

Kesho yake alidandia lori la korosho kwenda mjini kuwauliza wanaojua. Akaambiwa kuwa bado. Muswada uko kwenye kamati, ukitoka huko utasomwa tena na tena, na mpaka hapo mambo ni yale yale ya zamani. Hayo Somoe aliyajua baadaye. Alichokiona yeye ni mumewe kurudi na mashahidi wawili, kusimama mlangoni mwake bila kumtazama usoni, na kutamka talaka tatu kwa pumzi moja. Hata eda aliambiwa akaikalie kwa kaka yake Mikindani. Somoe akasema haondoki mpaka mahakama iseme.

Leo ndiyo siku ya kusema. Alijifunga kanga yake nzuri, akafika Mtwara vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alidhani atakaa peke yake kwenye ukumbi wa nje wa mahakama. Benchi lilikuwa limejaa wanawake. Mmoja katoka Msimbati, mwingine katoka Kitaya mpakani kabisa, mwingine wa hapo hapo mjini, na wote talaka zao zilikuwa mbichi kama yake.

Karani wa mahakama, kijana aitwaye Kasiani, alitoka kuwaita watu, akashika kichwa. "Mama zangu, tangu redio itangaze ile habari tumezidiwa. Wanaume wanakimbizana na muswada."

"Mwanangu," Somoe alimwambia, "hebu nieleze. Siku ile kule Bungeni walisoma nini?"

"Jina lake, mama."

"Jina tu?"

"Mara ya kwanza husomwa jina tu. Halafu unakwenda kwenye kamati. Kamati inaupitia, inaita watu, inasikiliza masheikh, inasikiliza mapadri. Ukirudi husomwa mara ya pili, wabunge wakabishana. Halafu mara ya tatu. Halafu Rais atie saini, halafu itangazwe siku ya kuanza."

Somoe alihesabu kwa vidole. "Kumbe ni kama talaka. Mpaka itimie ya tatu."

Kasiani alicheka bila kutaka.

"Ila wao wanapumzika katikati," Somoe akasema. Wanawake wa kwenye benchi walicheka pia, kisha yule wa Kitaya akaanza kulia, na kicheko kikafa.

Hakimu alikuwa mtu mpole. Hilo ndilo lililomuumiza Somoe zaidi, maana hakimu mkali ungemchukia ukapata nafuu.

"Bibi Somoe, mikorosho hii kaipanda nani?"

"Mimi, Bwana Hakimu."

"Mzee Mfaume, ni kweli?"

Mfaume alikohoa. "Kweli. Kaipanda yeye. Lakini kaipanda akiwa mke wangu, katika ardhi ya wajomba zangu."

Hakimu akawageukia wazee wawili washauri wa mahakama. Mmoja wao, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka ikachoka, alisema, "Mila yetu, mti ni wa aliyeupanda. Hilo halina ubishi. Lakini mke ni mkono wa mumewe. Mkono haupandi kitu chake peke yake." Mwenzake akatikisa kichwa kukubali. Somoe aliitazama mikono yake mapajani. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa korosho, ule usiotoka hata kwa majivu.

"Bwana Hakimu, naomba ingoje."

"Nini kingoje?"

"Kesi. Ingoje mpaka muswada urudi kutoka huko kwenye kamati. Mimi si mtu wa haraka."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, siwezi. Mimi nahukumu kwa sheria iliyopo. Muswada si sheria. Leo hii ni karatasi tu, na kesi haiwezi kuingoja karatasi."

"Na mimi niliyekuwa naingoja, je?"

Hakimu aliandika. Alipomaliza alisema kwamba posho ya eda atapewa, na vyombo vyake vya jikoni na matandiko ni haki yake, na mikorosho ni ya Mfaume. Alimwambia pia kuwa ana ruhusa ya kukata rufaa, akamtajia mahali pa kwenda, na palikuwa mbali. Kasiani akaita kesi inayofuata. Yule wa Kitaya akainuka.

Nje, Mfaume alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, anaivua kofia na kuivaa. Somoe alitaka kumpita, ila miguu ilisimama yenyewe.

"Mama Zuhura, sikukuacha kwa ubaya."

"Kwa nini, basi?"

"Ulinitisha. Tanga imenila ujana, ikanirudisha na kifua hiki. Sina kitu kingine duniani ila ile mikorosho. Nikaambiwa sheria ikishapita, kuacha kwenyewe ni mpaka mabaraza na mahakama, na kila kitu nusu kwa nusu. Nikaona nafasi ni hii, haitarudi." Akaivua tena kofia. "Usingepiga vile vigelegele, tungezeeka pamoja."

"Baba Zuhura," Somoe alisema, na jina hilo lilimtoka kabla hajalizuia, "mimi nilikwambia ukiniacha. Sikukwambia niache. Mwanamke wa umri huu ningekwenda wapi? Tungegawana na nani?"

Mfaume alifungua mdomo, kikohozi kikamjia. Somoe alisubiri kiishe, kama alivyozoea, kisha akakumbuka kuwa hana haja ya kusubiri. Akaondoka. Moyo ulimuuma kwa ajili yake mwenyewe na, Mungu amsamehe, kwa ajili ya mwanamume yule pia.

Alikuwa anatafuta lori la kurudi Madimba aliposikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Agnes, jasho linamtoka, uso umejaa furaha.

"Bi Somoe! Kesho nilikuwa nakuja kwenu. Kamati inataka maoni zaidi ya wananchi. Nikasema kwanza niende kwa Bi Somoe, ndiye anayejua kusema!"

Somoe alimtazama yule binti. Hakuwa na ubaya naye. "Umenikuta. Andika."

Agnes, aliyekuwa ameanza kuuona uso wa mwenzake, alitoa kalamu polepole.

"Andika hivi. Siku mliyotwambia sisi kuwa sheria inakuja, mliwaambia na wao. Sisi tukapiga vigelegele. Wao wakawahi."

Kalamu haikuandika. "Umeachwa, Bi Somoe?"

"Mara tatu."

"Na mikorosho?"

"Mkono haupandi kitu chake peke yake, ndivyo tulivyoambiwa."

Agnes aliuma mdomo. Machozi yalimlengalenga. "Hilo nitaliandikaje, Bi Somoe? Wanataka maoni juu ya vifungu, kifungu kwa kifungu. Hili la kuwahi halina kifungu."

"Ndiyo maana limetupata," Somoe akasema. Akamshika bega, akamwambia apande baiskeli yake aende, jua kali.

Alifika Madimba kivuli cha alasiri kimelala. Aliingia ndani, akakunja mkeka wake, akafunga sufuria, mbuzi ya kukunia nazi na nguo zake katika kanga moja kuukuu, akajitwika. Nyumba hakuiangalia. Njia ya kwenda barabarani ilipita katikati ya mikorosho, hakuna nyingine.

Mfaume, aliyerudi kwa lori la mbele, alikuwa ameketi chini ya mti wa kwanza, kikapu cha asubuhi pembeni yake. Korosho alizookota Somoe zilikuwa bado zimo.

Bibo lilikuwa njiani, jekundu, zima. Somoe alichuchumaa, shingo wima kwa ajili ya mzigo, akalipapasa, akainyonga korosho, akainuka. Ndipo alipoona alichofanya. Alikuwa ameshika korosho na hana pa kuitia.

"Hiyo," Mfaume alisema, si kwa ukali, akitazama chini. "Hiyo nayo ni ya hapa. Mahakama imesema."

"Imesema." Somoe aliifungia korosho ile katika pindo la kanga yake, akakaza fundo. "Hii nimeipeleka kwenye kamati, baba Zuhura. Ikirudi utatangaziwa redioni."

Akampita. Somoe alitembea akiwa amekaza uso, na mpaka mti wa mwisho hakulia. Hapo nyuma yake bibo jingine lilianguka, akausikia mshindo wake mdogo kwenye majani makavu, na mwili wake wote ukageuka kuliendea. Aliushika mzigo kwa mikono miwili. Machozi yalimshuka, naye akaendelea na njia, bibo likabaki chini.