Kobe, Mkwe na Soksi Nyeupe

Mwanamke aliyedeki korido za hospitali miaka thelathini na moja hadanganyiki kwa harufu ya sabuni. Wanawe walilijua hilo tangu utotoni, sasa sijui ni kitu gani kiliwapumbaza wakadhani safari hii atadanganyika.

Jina la Bi Soksi alilipata kazini. Kila wodi ilipomalizwa kudekiwa, alivua viatu, akavaa soksi nyeupe pe, akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, polepole, bila kusema na mtu. Kisha anageuza unyayo. Soksi ikiwa nyeupe, kazi imekwisha. Ikiwa na doa, wote wanarudi kwenye ndoo, na msimamizi naye anarudi, na msimamizi alikuwa yeye mwenyewe. Wafagiaji walimwogopa kuliko daktari mkuu. Siku ya kustaafu walimpa katoni nzima ya soksi nyeupe, na mpaka leo hajapata zawadi aliyoipenda kama ile.

Miezi mitano iliyopita aliteleza akideki sebule yake mwenyewe, nyonga ikavunjika. Wakamtia chuma. Akahamia kwa bintiye mfamasia, akalala kitanda kizuri, akala akashiba, akafanya mazoezi yote aliyoamriwa. Na kila alfajiri alifumbua macho akiitaka nyumba yake. Vyumba viwili tu, lakini vyake. Akiligusia hilo, watoto wanaruka utadhani wamekanyaga kaa la moto.

"Peke yako, Mama? Haiwezekani!"

Kwa hao wawili hapakuwa na swali la mama kurudi kwake. Swali lilikuwa akae kwa nani. Kitindamimba, fundi wa lifti, alidai dada yake amemfaidi mama vya kutosha na sasa ni zamu yake. Dada akasema mgonjwa hahamishwihamishwi kama kiti. Daktari naye alikuwa ametoa masharti: sakafu iwe safi, iwe kavu, isiwe na nyaya za kujikwaa, na mama asiiname. Hapo ndipo mashine zilipoingia kwenye ugomvi.

"Kwangu sakafu inafagiwa na kudekiwa na roboti," alisema binti. "Tena ile ilikuwa ya juu kabisa dukani."

"Ilikuwa, dada. Miaka mitano iliyopita. Ile inaburuza kitambaa kibichi tu. Yangu ya mwezi uliopita ina madekio mawili yanayozunguka. Ikifika kwenye zulia inayanyanyua. Ikijaa vumbi inarudi kwenye kituo chake, inajimwaga yenyewe, inafua madekio kwa maji ya moto, inayakausha."

"Ikimaliza inapika?"

Bi Soksi alicheka mpaka akashika ubavu. Ama kweli mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. "Basi nyamazeni," akasema. "Jumamosi nitapima ya dada, Jumapili ya mdogo wake. Nitapima kwa soksi."

Jumamosi akaketi kwenye kochi la bintiye, mkongojo magotini, akaitazama mashine ya kwanza ikipita. Ilikuwa nyeusi, ya mviringo, na mgongoni ilikuwa na kinundu cha kuonea njia. Ilikwenda moja kwa moja, ikageuka, ikarudi, haina haraka na mtu. Akaiita Kobe. Kobe alipomaliza, Bi Soksi alivaa soksi, akatembea hadi dirishani, akageuza unyayo. Nyeupe. Binti akapiga makofi. Ila jua lilipolala juu ya vigae, Bi Soksi aliona kitu chini ya meza ya kulia, akakimeza kimya.

Jumapili ikawa kwa mwanawe. Mashine ya huyu ilikuwa nyeupe, bapa, haina kinundu, nayo ilikuja na kituo kirefu cha kufika gotini, chenye matangi mawili, la maji safi na la maji machafu. Wakati wa kazi ilitoka, ikarudi, ikanguruma, ikajiosha, ikatoka tena, na ukiigusa inalalamika. "Huyu ni Mkwe," Bi Soksi akaamua. "Kaja na jumba lake na hataki kushikwashikwa." Akavaa soksi. Nyeupe vilevile. Kisha akavuta mlango na kuchungulia nyuma yake, akanusa, akarudi kuketi na kuanza kucheka peke yake.

"Mama, vipi?" Binti, aliyekuja kuhakikisha ndugu yake haibi ushindi, alisogea.

"Nani amedeki hapa kabla ya mashine?"

Fundi wa lifti akatazama dari.

"Mashine inakwenda ikinyooka," Bi Soksi akasema. "Nyuma ya mlango pale nimeona michirizi ya dekio yenye umbo la nane. Nane zimepangana vizuri, hazina pengo. Anayedeki kwa kuchora nane ni mimi, na niliowafundisha ni nyinyi, mlipokuwa hamjafika kiunoni kwangu. Tena tangi la maji safi la Mkwe halina sabuni, na nyumba inanukia sabuni."

"Nilipangusa kidogo tu, Mama." Sauti ya fundi ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili. "Ningekuachaje uone uchafu?"

Dada yake akaangua kicheko. "Aibu! Yaani unaidekia roboti!"

"Na wewe," mama akamgeukia, "zile nane za jana chini ya meza zilikuwa za nani?"

Kicheko kikakatika palepale. Binti akakiri kwamba aliamka saa kumi na moja alfajiri, akadeki nyumba nzima, akaikausha kwa taulo. Alisema alijaribu kuacha, mkono ukakataa.

Sasa niambie, kuna watoto wa mtu mwingine wangefanya kosa hilo? Mtu ananunua mashine ya kula uchafu, kisha anaionea haya, anaiandalia sakafu safi. Bi Soksi aliwatazama hao wawili, watu wazima wenye kazi zao na heshima zao, akaona roho inamjaa. Aliwalea vizuri kupita kiasi. Na hapohapo, akiwa bado anacheka, akaiona njia yake ya kurudi nyumbani.

"Mashindano yamevunjika," akasema. "Kisu hakijaribiwi kwenye uji. Nataka uchafu wa kweli, ambao hakuna aliyeugusa."

"Tutaupata wapi, Mama?"

"Kwangu. Miezi mitano pamefungwa."

Wakatazamana. Ikabidi wakubali. Wenyewe ndio walioharibu mtihani.

Jumamosi iliyofuata alifungua mlango wake kwa ufunguo wake. Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu. Katikati ya sebule, ndoo ilikuwa bado imelala ubavu palepale ilipoangukia, na dekio kando yake, limekauka limekuwa gumu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuviokota. Fundi wa lifti alisimama kizingitini. Yeye ndiye aliyemkuta mama siku ile.

"Toa hiyo ndoo nje, baba," Bi Soksi akamwambia kwa upole. "Itamkwaza Mkwe."

Akaitoa.

Wakakunja zulia na kulilaza katikati ya sebule liwe mpaka, kila mashine na upande wake. Bi Soksi akaketi kwenye kiti chake cha zamani, kile chenye mgongo mrefu, akatoa amri. Kobe alianza kwa bidii, hilo tusimnyime. Lakini kopo lake la vumbi lilikuwa dogo, likajaa kabla hajafika nusu. Binti akainama, akalitoa, akalimwaga, akainama kulirudisha. Kitambaa cha Kobe kikalowa vumbi, na kila alipopita akaacha mchirizi wa tope. Binti akainama, akakivua, akakifua, akainama kukivisha. Yote hayo yakajirudia mara ya pili. Mwishowe Kobe akajitosa chini ya kabati, kinundu kikanasa, akaanza kulia. Mfamasia mzima akalala kifudifudi na fagio kumvuta mzee wa watu.

"Mara tisa," akasema mama.

"Tisa nini?"

"Umeinama mara tisa. Mimi sitakiwi kuinama hata moja."

Upande wa pili Mkwe alikwenda na kurudi. Kila akirudi, kituo kilinguruma na kumfyonza vumbi lote, kikamwosha, na maji yakaingia kwenye tangi yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Alipita chini ya kabati la upande wake bila hata kugusa. Kwenye pembe alinyoosha dekio moja nje, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua chumvi, akapangusa mpaka ukutani. Fundi alisimama tu, mikono mfukoni, anajaribu kutotabasamu.

Bi Soksi akavaa soksi. Upande wa Kobe, unyayo ukatoka na rangi ya udongo. Upande wa Mkwe, doa dogo kidoleni, si zaidi. "Arudie," akasema. Mkwe akarudia, na soksi ya pili ikatoka nyeupe.

"Wanasema ya kale dhahabu, na wengine wanasema kipya kinyemi," akatamka. "Mimi nasema soksi. Mkwe ameshinda."

Binti hakukubali kushindwa kimyakimya. "Na hilo tangi la maji machafu, je? Likijaa ni lita nne. Mama atalibebaje?"

Lilikuwa swali la haki, na mama alikuwa na jibu. "Nitakaa kwenye stuli kando yake. Maji safi nitatia kwa jagi, nusu. Machafu nitamwaga yakifika nusu. Nimebeba ndoo miaka thelathini na moja, nusu tangi litanishinda?"

Fundi wa lifti ndiye aliyeshtuka kwanza. "Mama, umesema nitatia, nitamwaga. Wapi?"

"Hapa. Kwangu."

"Mama!"

"Nisikilizeni."

"Hapana, nisikilize wewe." Mwanawe alikuja akachuchumaa mbele ya kiti, machozi yanamlengalenga. "Nilikukuta pale. Ulikuwa umelala pale tangu asubuhi, na mimi nimekuja jioni. Nikipanda lifti naiona sakafu hii. Naogopa, Mama. Naogopa kweli."

Bi Soksi akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Hata mimi niliogopa, mwanangu. Nililala pale nikahesabu vigae. Lakini nilianguka kwa sababu nilikuwa nadeki, si kwa sababu nilikuwa peke yangu. Hata nyumba ingejaa watu, maji yale yangeniangusha vilevile. Ndoo umeitoa mwenyewe. Sitaishika tena, nawaapia. Ila nikikaa kwa watu mpaka nife, hata kama watu hao ni nyinyi, nitakuwa nimevunjika kitu kingine, na hicho hakitiwi chuma."

Hapo hata mfamasia alifuta macho. Lakini alikuwa binti wa Bi Soksi, hakuachia kirahisi. "Na ukianguka kwa sababu nyingine? Nani atajua?"

Fundi akavuta pumzi ndefu. Angeweza kunyamaza, na mama angekwama. "Mkwe ana kamera," akasema. "Kobe hana. Tukiifungua kwenye simu tunaona chumba, na tunaweza kuongea nawe kupitia kwake."

"Mnichungulie kama mwizi? Sitaki!" Bi Soksi akawaka. Kisha akafikiri, vidole vikigongagonga mkongojo. "Mara moja kwa siku. Saa mbili asubuhi nitasimama mbele yake mwenyewe. Msiponiona, vunjeni mlango. Zaidi ya hapo hiyo kamera ilale."

Wakatazamana tena, dada na mdogo wake. Dada akatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi nitabaki na nini?" fundi akauliza, nusu analia nusu anacheka. "Mkwe si wangu?"

"Utabaki na nane zako, baba. Mkono unao."

Jumatatu, dakika tano kabla ya saa mbili, Bi Soksi alikuwa amekwisha kunywa chai. Mkwe alishamaliza kazi na sakafu ilikuwa kavu. Akatoa soksi mpya kwenye katoni, akavaa, akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Akamwita Mkwe kwa sauti, naye akaja, akasimama mbele yake na kijitaa chake kinawaka. Binti alikuwa kwenye kaunta ya duka la dawa, mdogo wake ghorofani kwenye chumba cha mitambo ya lifti, wote macho kwenye simu.

Akashika mgongo wa kiti, akainua mguu ule wenye chuma, akageuza unyayo kuelekea kamera.

"Nyeupe, Mama," sauti ya mwanawe ikatoka sakafuni, imekatikakatika.

Kisha ikatoka ya binti, kavu, ya mtu anayekagua. "Na mwingine."

Bi Soksi akatabasamu. Alielewa anachoulizwa. Kuinua mguu ule mwingine, ni lazima usimame juu ya ule uliovunjika. Akautua chini ule wa kwanza, akahamishia uzito wote juu ya chuma, akasubiri kidogo, chuma kikamshika. Akaachia kiti, akainua.

"Haya mkaguzi," akasema, "tazama vizuri."