Mawaridi ya Chichí Eduvigis

Ileana alianzia miguuni, kama ilivyo desturi yetu watu wa Pomuch. Alikipangusa kifupa kimoja kimoja cha vidole kwa brashi laini, akakilaza juu ya gazeti, akachukua kingine. Jua la Oktoba lilikuwa limeshavuka kuta za makaburi, na kila upande watu walikuwa wakiwahudumia wafu wao: huyu anafuta vumbi, yule anapaka rangi, mwingine anamsimulia marehemu mamake habari za mwaka mzima kana kwamba wameketi jikoni.

Kwetu, maiti hulala ardhini miaka mitatu, kisha mifupa hutolewa na kuwekwa katika kisanduku cha mbao, ndani ya kijumba chake. Kila mwaka, kabla wafu hawajaja kututembelea, tunaisafisha na kuivisha kitambaa kipya. Asiyevishwa, wazee husema, huona haya kwenda kula na wenzake.

Kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, Noemí, lakini safari hii mwajiri wake huko Cancún alimnyima ruhusa. "Usipokwenda wewe, mwanangu, nani atakwenda?" alisema kwenye simu. "Kijumba cha samawati, safu ya chini. Usimwache chichí yako na nguo kuukuu."

Chichí Eduvigis, bibi yake, ndiye aliyemlea. Ileana hakuogopa mifupa yake, aliogopa uso. Siku ya mazishi, angali mdogo, alikataa kuchungulia jeneza. Alitaka kubaki na uso ule wa jikoni, wenye unga shavuni na jino moja la dhahabu lililometa kila ulipocheka. Alihofu kwamba fuvu, akilitazama mara moja tu, lingeufuta uso huo milele. Kwa hiyo alipofika kichwani alipangusa kwa kupapasa, shingo kaigeuzia pembeni. Kisha alikizungushia kisanduku kitambaa alichokitarizi tangu mvua za kwanza, chenye mawaridi mekundu kwa mshono aliofundishwa na chichí, na kwa ncha yake akalifunika fuvu.

"Huyo umemfunika uso kwa nini? Ataonaje njia?"

Alikuwa Don Hilario Poot, jirani yao mzee, amesimama na mkongojo wake, kifurushi kwapani.

"Namvisha chichí, Don."

Mzee alikiangalia kisanduku, akakiangalia kijumba, akamwangalia msichana. "Chichí yako alikuwa na jino la dhahabu. Huyo analo?"

Ileana aliitazama brashi mkononi mwake.

"Hukutazama."

"Sikutazama."

"Basi umemvisha mke wangu. Huyo ni Filomena."

"Lakini mama alisema kijumba cha samawati."

"Mpaka juzi kilikuwa kimoja. Nilibakiza rangi ya mlango wangu, nikaona nisiitupe, nikakipaka na hiki chetu. Chenu ni hicho cha pili."

Kitambaa kilikuwa hicho hicho, hana kingine. Ileana aliushika upindo wake, lakini mkono ulikataa kuvuta; aliyekwisha vishwa, utamvuaje mbele za watu?

Don Hilario alijishusha taratibu juu ya ukingo wa kaburi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Ileana akadhani analia.

"Unajua mke wangu aliyaitaje mawaridi ya bibi yako?" alisema alipopata pumzi. "Kabichi. 'Eduvigis katarizi kabichi nyingine.' Kwa neno hilo hawakusemezana mpaka kufa. Sasa mtazame. Amejifunika kabichi gubigubi."

"Nisamehe, Don."

"Nikusamehe nini? Magoti yangu hayakunjiki tena. Tangu alfajiri najiuliza nitamwinamiaje, nami nimemkuta kaoga, kapendeza. Ahsante, binti."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe chenye ndege wa kijani. "Filomena alijitarizia mwenyewe kabla ya kufa, vitambaa vya miaka kadhaa. Hiki ndicho cha mwisho. Mvishe Eduvigis."

"Don, hii ni kazi ya mkono wake."

"Ndiyo. Ningempa cha dukani, bibi yako asingeniacha nilale."

Alikitoa, lakini kidole chake kilichelewa kidogo juu ya bawa la ndege mmoja.

Ileana akakitoa kisanduku cha pili. Vidole, magoti, mbavu. Mkono uliokwisha fundishwa hauulizi njia, na mikono yake ilikuwa imefundishwa na mifupa ya Filomena. Alipofika kichwani alifumba macho. Kisha akayafumbua.

Jino lilikuwa mahali pake. Alilisugua kwa pindo la blauzi mpaka likashika jua, na kwa mmeto ule uso wote ukarudi: unga, cheko, harufu ya mkate ukitoka tanurini. Hakikufutika kitu.

"Ahsante kwa kunisubiri, chichí," alisema kwa sauti ya chini.

Aliwapanga ndege wa Filomena kuuzunguka uso wa bibi yake, akauacha wazi. Halafu alirudi kwenye kisanduku cha kwanza, akaikunja ile ncha ya kitambaa, na Filomena naye akaona njia.

"Mwakani sitakuwa na cha kumvisha," alisema Don Hilario, akijifanya anatazama kwingine.

"Nitamletea mimi."

"Utamtarizia nini?"

Ileana alifikiri kidogo. "Kabichi."

Mzee alivua kofia, akamgeukia mkewe.

"Umesikia?" alimwuliza.