Salamu Juu ya Lami ya Moto

Wewe ulipokuwa na miaka sita, ulitaka kuwa nini? Usiniambie daktari. Daktari ni jibu la kumfurahisha mgeni aliyekuja na biskuti. Nauliza ulichokitaka kweli, kile ulichokuwa ukikiwaza peke yako bafuni, ukichora ukutani kwa kidole chenye maji.

Mjukuu wangu alitaka kuendesha shindilia.

Ngoja nieleze, maana watu wanapita juu ya barabara kila siku bila kujua nani aliyeilaza. Shindilia ni lile gari la ujenzi lenye gurudumu la chuma mbele, pana kama kitanda, mviringo kama pipa, linalokwenda mbele na kurudi nyuma mpaka lami itulie. Halina mbio. Mbuzi anayechechemea hulipita, tena akasimama mbele kulisubiri. Lakini ukilitazama siku moja likifanya kazi yake bila haraka, moyo unakwenda nalo.

Wakati huo barabara ya mtaani kwetu ilikuwa inawekwa lami. Mtoto alikuwa akishinda na mimi, maana mama yake, binti yangu wa pili, ni fundi cherehani na alikuwa dukani kutwa. Kila siku saa nne nilibeba kigoda changu, mwavuli na chupa ya chai, nikamshika mtoto mkono, tukaenda kukaa mbele ya duka la mbao penye kivuli. Tulikwenda siku kumi na tisa. Siku ya ishirini ilinyesha mvua, mafundi hawakuja, na sisi tulikaa palepale. Mtoto alikuwa anaokota kokoto na kujaza mifuko ya gauni mpaka gauni likamshuka mabegani. Jina la Kokoto lilimganda siku zile, na halijabanduka mpaka leo.

"Mama, kwani mnakwenda kutazama nini kila siku?" binti yangu aliniuliza jioni moja, anatoa mawe kwenye beseni la kufulia.

"Mtoto analia nisipompeleka."

"Si umpe mwanasesere wake acheze?"

"Mwanasesere yuko sakafuni, anamshindilia kwa chupa ya maji. Nenda kamwangalie, ameshakuwa chapati."

Basi ikawa hivyo. Shangazi zake wakija, wakiuliza Kokoto utakuwa nani ukikua, anajibu: dereva wa shindilia. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama yake hacheki. "Nani alimtia mtoto huyu wazimu?" anauliza, na macho yananizungukia. Mimi nachambua maharage. Maharage yana mambo mengi ukiyainamia.

Tulidhani yatapita. Meno ya utoto yaling'oka, wazimu ukabaki. Alipomaliza sekondari mama yake alimtafutia nafasi ya kusomea ukarani, kazi ya kivulini, yenye kiti. Kokoto akasema hata shindilia lina kiti. Akaenda chuo cha ufundi kusomea mitambo, wasichana wawili katika darasa zima, akarudi na cheti na grisi kwenye kucha. Kisha kampuni ya barabara ikamchukua, lakini si kuendesha. Walimpa bendera. Mwaka mzima alisimama juani, nyekundu simama, kijani pita, vumbi mpaka kwenye kope.

Hakunung'unika. Jioni anakuja, anatia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ananisimulia aliyoyaona wakati ameshika bendera. Kwamba lami huletwa na lori ikiwa ya moto, inafuka. Kwamba gurudumu lazima lilowe maji, la sivyo lami inanata kama ubani wa kutafuna kwenye nywele. Kwamba unaanza pembeni, unapanda kuelekea katikati, na kila ukipita unagusa kidogo pale ulipopita kwanza, kama mtu anayepiga pasi shuka.

"Na kubwa kuliko yote, bibi, husimami. Lami ikiwa ya moto, husimami hata kwa dharura. Ukisimama gurudumu linazama, linaacha bonde, kama godoro alilokalia mtu mnene."

Kwa hiyo nilijua. Sikuwa mtu asiyejua.

Mwaka ulipokwisha akapewa siku tatu za majaribio. Msimamizi wao wanamwita Kamba, kwa sababu hatembei bila kamba ya uzi mfukoni. Anaivuta juu ya barabara iliyomalizika, na pakionekana nafasi chini ya uzi, mtu ana kesi. Alimwambia Kokoto mbele ya wenzake, "Siku tatu. Ukiweza, kiti ni chako. Ukiharibu, unarudi kwenye bendera, na ombi la kuendesha usiniletee tena."

Siku ya kwanza alifanya vizuri, na ya pili pia. Siku ya tatu walikuwa wamefika barabara inayopita nyuma ya soko, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani.

"Usije, bibi," aliniambia asubuhi anafunga kamba za viatu. "Nikikuona nitatetemeka."

Nikaahidi. Lakini niliahidi nikiwa nimeketi. Nilipoinuka, ahadi ikabaki kwenye kiti. Saa nne ilinikuta njiani na kigoda changu, mwavuli na chupa ya chai.

Nikakaa chini ya ukuta wa ghala, kwenye kivuli pekee kilichokuwepo. Ndipo nikamwona. Kofia ngumu ya njano, kizibao chenye mistari ya kung'aa, mgongo umenyooka kama nilivyomfundisha kukaa mezani. Chini yake lile dubwana lilikuwa linanguruma taratibu, mvuke unapanda pande zote, na mtoto wangu anakuja, anakuja, kana kwamba anakunja nguo. Nikasahau yote. Nikauinua mwavuli, nikaupunga.

Sasa hapa lazima niseme namna nilivyomlea. Kwangu mtoto hampiti mkubwa bila kumsalimu, na hasalimu huku anatembea. Salamu ya kutembea ni ya kuwarushia kuku mtama. Unasimama, unakutanisha miguu, unavua kofia kama unayo, ndipo unafungua mdomo. Akiwa na miaka minane nilimrudisha kutoka mwisho wa mtaa akamsalimu upya muuza mkaa.

Kokoto aliniona. Shindilia likasimama. Akakutanisha miguu, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwa..."

Tulitazamana, kisha wote wawili tukatazama chini. Mafundi wenye reki wakasimama kama wamepigwa picha. Mmoja akapaza sauti, "Muulize na za nyumbani kabisa, dada!" Mwenzake, "Msubiri bibi ajibu, usiwe na haraka, lami ni ya baba yako!"

Kokoto akaliondoa gari haraka, lakini bonde lilikuwa limeshakaa. Kamba akaja mbio, akavuta uzi wake, akaingiza vidole chini. Viwili viliingia.

"Nani kakwambia usimame?"

"Ni bibi yangu, mzee."

"Bibi yako kakwambia usimame?"

"Hapana. Bibi yangu. Yule pale."

Kamba akageuka na hasira yake yote usoni, akaniona, mvi zangu na mwavuli wangu. Miguu yake ikakutana yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Vicheko vikalipuka nyuma yake. Akawageukia, "Mnacheka nini? Mimi nasalimu kwa miguu yangu! Yeye ana tani kumi!"

Nikainuka. "Baba, kosa ni langu. Aliniambia nisije, na mimi ndiye niliyemfundisha kusimama."

"Mama," akasema, bila ukali, na hilo liliniumiza zaidi, "lami haiulizi kosa la nani. Inapoa tu." Akamtazama Kokoto. "Robo saa. Ikishaganda hatuna maneno tena, mimi na wewe. Rekebisha."

Wenye reki wakachokoa pale palipobonyea, wakatupia lami mpya kwa koleo, wakaisambaza. Kokoto akarudi kwenye kiti. Nilimwona akinichungulia, akaondoa macho, akanichungulia tena. Nikaelewa. Madhali nimekaa pale namtazama, mimi ni mkubwa anayesubiri salamu, na miguu yake inajua hivyo hata kama kichwa kinakataa. Nikiondoka atadhani nimekwenda kulia. Na itakuwa kweli.

Basi nikageuza kigoda. Nikaupa uso ukuta wa ghala, nikajifunika mtandio mpaka puani, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Mimi sipo! Pita!"

Nikasikia kicheko chake, kile cha kupasuka puani, alichonacho tangu mdogo. Kisha injini.

Ukuta ulikuwa na tangazo la zamani la rangi, limebanduka, limebaki picha ya brashi tu. Niliitazama hiyo brashi kama msahafu. Mtetemo ulinijia kupitia miguu ya kigoda, ukapanda kwenye nyonga, ukapita nyuma yangu, ukafifia, ukarudi. Nilihesabu. Mara moja, mara mbili. Shingo iliniwasha kwa hamu ya kugeuka. Nikaishika kwa mkono. Mara ya nne, mara ya tano. Mngurumo ulikuwa uleule, haukupanda wala kushuka, haukusita hata pale palipokuwa nyuma ya mgongo wangu kabisa. Mara ya saba ukaenda mbali, ukabaki hukohuko.

Nyayo za Kamba zikapita nyuma yangu. Nikajua uzi umevutwa.

"Mama," Kamba akasema hatimaye, "unaweza kuwepo sasa."

Nikageuka. Uzi ulikuwa umelala juu ya lami kama unywele kwenye kioo. Kamba alikuwa amepiga magoti anatafuta pa kuingiza kidole, akakosa. Akainuka, akajipangusa.

"Kesho saa moja," akamwambia Kokoto. "Kiti chako. Na bibi yako akija, utamsalimu saa ya chai."

Mchana waliegesha shindilia kwenye changarawe kando ya ghala, wakalizima. Kokoto akashuka, akaja mbele yangu, miguu pamoja, kofia mkononi, akaniamkia upya kana kwamba hatujaonana. Safari hii nilimaliza marahaba yangu. Tukakaa kwenye kivuli cha gari lenyewe, chuma kinatoa joto mgongoni mwetu, tukanywa chai kwa kupokezana kifuniko cha chupa.

Mama yake akatokea anahema, futi ya kupimia bado shingoni. Habari zilikuwa zimemfikia dukani kwamba mwanawe kachimba shimo barabarani. Kokoto akamwambia lilivyoanza na lilivyokwisha. Binti yangu akaikanyaga ile lami kwa ncha ya kiatu, kama anavyojaribu mshono, akatafuta kasoro. Akaja akamfuta mwanawe masizi shavuni kwa kidole gumba.

"Haya. Umepata ulichotaka," akasema, na sauti ilikuwa laini. "Ila mpaka leo sijajua nani alikutia wazimu huu."

Kokoto akacheka, akaanza kujibu, akaacha. Alikuwa anafikiri.

"Mama, unajua, mimi pale mbele ya duka la mbao nakumbuka kokoto tu. Na joto. Siku ile ya mvua ni mimi niliyesema turudi nyumbani." Akanigeukia polepole. "Bibi ndiye aliyekataa. Bibi ndiye aliyekuwa akinieleza, ona linavyogeuka, ona dereva anavyoshika. Chai inapoa mkononi hata hajainywa. Nilikuwa natazama uso wako, bibi, ndipo nikawa natazama na hilo gari."

Wote wawili wakanitazama. Hapakuwa na maharage ya kuinamia.

"Bibi, wewe ulitaka kuwa nini?"

Hilo swali ameniuliza tangu hajui kusoma, na jibu langu ni moja siku zote: nilitaka kuwa bibi yako. Nilifungua mdomo nilitoe. Likagoma.

Nikaiona njia ya shuleni kwetu nikiwa darasa la nne, moshi mweusi, gurudumu la chuma, na mimi nimesimama ukingoni na daftari kifuani mpaka kengele ikalia na nikachelewa. Siku hiyohiyo mwalimu alituambia tuandike kazi tunayoitaka. Niliandika mwalimu, kwa kuwa wote waliandika mwalimu. Nikapata vema ya wino mwekundu.

Nikakitazama kile kiti kule juu, cheusi, kimechanika pembeni.

"Nilitaka hicho," nikasema. "Tangu darasa la nne. Nilitaka nikae pale juu, niisikie barabara inanyooka chini yangu."